Kilichowekwa Kwenye Fremu

Ofisini kwake walimwita Mama Mwongozo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandika miongozo ya programu za kompyuta. Sisi tuliofanya naye kazi zamani tulimwita Mkasi. Jina hilo la pili ndilo alilolipenda, nami ndilo nitakalotumia, maana nilimpa mimi mwenyewe.

Tulikutana katika chumba cha vipande cha gazeti moja ambalo sasa halipo. Chumba kilikuwa chini kabisa, nyuma ya mitambo ya kuchapa, na sakafu ilitetemeka kila mitambo ilipowashwa. Tulikuwa na meza mbili ndefu, makabati kumi na manne ya chuma, sufuria ya gundi, na mikasi sita iliyofungwa kamba kwenye miguu ya meza, kwa sababu mkasi usiofungwa huota miguu yake. Kila siku tulikata habari zote za gazeti la siku hiyo, tukazigandisha kwenye karatasi ngumu, tukaandika tarehe na ukurasa, kisha tukaziweka kwenye faili la mtu au la jambo. Aliyetaka kujua lolote kuhusu yeyote alikuja dirishani kwetu. Walikuja mawakili, walikuja wanafunzi, na waandishi wenyewe walikuja kusoma walichosahau kwamba walikiandika. Mimi shule niliiacha darasa la nne, na kila ninachokijua nilikikata kwa mkono wangu katika chumba kile. Mkasi akinitania aliniita Darasa la Nne, na mpaka leo haniiti vingine.

Chumba kilikuwa na sheria moja iliyozishinda zote. Gazeti likikosea, siku chache baadaye lilichapa masahihisho, mistari michache ndani ya fremu nyeusi ili jicho lisiipite. Sisi tuliikata ile fremu na kuigandisha chini ya habari yenyewe, ikaning'inia. Tuliiita mkia. Habari yenye mkia haikutoka dirishani bila mkia wake, aje nani, awe na haraka gani. Mkasi ndiye aliyekuwa mlinzi wa mikia. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, si msemaji. Siku moja mhariri mkuu alishuka mwenyewe, akataka kipande upesi, akasema mkia apelekewe baadaye. Mkasi akamjibu bila kuinua macho, "Mkubwa, ng'ombe haendi mnadani leo, mkia ukamfuata kesho." Mhariri alicheka, akavuta kiti, akasubiri. Watu wa namna ile, wa kuambiwa na binti wa chini wakavuta kiti, sijawaona tena.

Kaka yake Mkasi alikuwa bwana stoo wa hospitali. Alitunza dawa, na alijua kila kichupa kilipo kama mama anavyojua watoto wake wamelala wapi. Mwaka mmoja dawa zilipotea, na gazeti letu likachapa jina lake na picha yake ukurasa wa tatu: bwana stoo akamatwa kwa wizi wa dawa. Uchunguzi ulipokwisha ilijulikana kwamba dawa hazikufika hospitali hata siku moja. Zilipotea njiani, na yeye ndiye aliyeandika barua ya kwanza kulalamikia upungufu. Gazeti liliomba radhi siku ya kumi na moja, mistari sita, ndani ya fremu.

Mkasi aliikata fremu ile mwenyewe. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Aliipaka gundi, akaipaka tena. Nikamwambia gundi imetosha, karatasi italowa.

"Wacha ilowe," alisema. "Huu haubanduki."

Hospitali ilimrudisha kaka yake kazini, akafanya mpaka akastaafu. Wengi walisahau jambo lile. Aliyekumbuka, akaja dirishani kwa udadisi wake, alipewa habari na mkia wake, akaondoka na yote mawili. Lisemwalo lipo, husema watu wavivu wa kuuliza. Sisi tuliwalazimisha wasome mpaka mwisho.

Gazeti lilipokaribia kufa, wenye nalo waliamua vipande vyote vipigwe picha na kuandikwa upya mtandaoni. Wengi wetu tulikwisha kupunguzwa. Mkasi alibaki, akasimama nyuma ya mpiga picha kwa wiki saba, akihakikisha kila mkia unawekwa chini ya habari yake, ndani ya fremu, kama ulivyokuwa kwenye karatasi. Kisha likaja lori, makabati yakaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu na karatasi zikaenda kusagwa. Nilisimama barabarani nikiangalia likipakiwa. Hakuna aliyeniuliza kama kuna faili ninalolitaka.

Mimi nilikwenda nyumbani kuzeeka. Mkasi hakukubali. Alijifunza kompyuta akiwa na miwani mbili, moja ya kuona mbali na moja ya kuona karibu, akajifunza na lugha ya watu wa kompyuta, na alipofika miaka hamsini na sita akaajiriwa na kampuni ya vijana wa kutengeneza programu. Ofisi yao ilikuwa juu ya duka la magodoro. Ukipanda ngazi ulipita katikati ya magodoro yaliyosimamishwa ukutani yakiwa na nailoni zao, kisha ukaingia chumba cheupe kisicho na karatasi hata moja. Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza niliuliza takataka wanatupa wapi, maana sikuona ndoo. Mkasi akaniambia hapa hakuna cha kutupa. Kumbe kutupa ndiyo ilikuwa biashara yao.

Nitaieleza zana ile kama alivyonieleza. Siku hizi zipo programu wanazoziita mawakala wa akili bandia. Zinatumwa kama tarishi. Unamwambia wakala, nenda kanitafutie habari za fulani, naye anafungua kurasa za mtandao ndani ya kivinjari, anasoma, anakurudia na jibu. Tatizo ni kwamba ukurasa wa mtandao una kelele kuliko mnada: matangazo, menyu, picha za viatu vya kuuza, maoni ya watu wasio na kazi. Zana ya vijana wale ilikaa ndani ya kivinjari, ikaambua hayo yote, ikampa wakala maandishi matupu ya habari yenyewe. Mkasi aliandika mwongozo wake: namna ya kuifunga kwenye kompyuta, namna ya kuiamuru, inarudisha nini, inatupa nini. Hakuandika sentensi kabla ya kuijaribu. Akisema zana inatupa menyu, ujue amefungua kurasa arobaini na kuziangalia menyu zikitupwa.

"Ni kazi yetu ile ile," aliniambia, na nilimwona amefurahi kama msichana. "Kukata na kuweka."

"Na gundi iko wapi?"

"Wewe Darasa la Nne huwezi kuona mtu anafurahi ukanyamaza."

Kaka yake alikuwa amefiwa na mkewe, akahamia kwake. Alikuwa na miaka sitini na mitano, mzima wa afya, na ukimya wa nyumba ulikuwa ukimla. Ndipo akasikia kwamba kliniki ndogo, mwendo wa nusu saa kutoka kwao, inatafuta bwana stoo. Alikwenda. Mwenye kliniki, muuguzi mstaafu, alizungumza naye asubuhi nzima, akamfungulia stoo, na bwana stoo akamwonyesha palepale katoni tatu zilizopangwa vibaya, za zamani nyuma na mpya mbele. Mama yule alifurahi sana. Alimwambia kwa upande wake kazi ni yake, limebaki jambo dogo la kukagua jina. Bwana stoo alirudi nyumbani akatoa koti lake la kaki la hospitali, akalifua, akashona vifungo vipya. Mkasi alinisimulia kuhusu vile vifungo mara mbili katika siku moja.

Kukagua jina, kliniki ilikuwa imeiachia kampuni nyingine, na kampuni ile, iliyotumia zana ya vijana wale, ilituma mawakala. Jibu lilikuja kwenye simu, mistari miwili, kwamba maombi yake hayataendelea. Sababu haikutajwa. Bwana stoo alisoma, akaweka simu juu ya meza, akatundika koti nyuma ya mlango. Mkasi ndiye aliyepiga simu kliniki. Karani akamsomea ripoti neno kwa neno: aliwahi kukamatwa kwa wizi wa dawa za hospitali.

Kesho yake aliwahi ofisini kabla ya wengine. Alifungua mtandaoni ile habari ya ukurasa wa tatu. Mkia ulikuwepo pale chini, ndani ya fremu, alipousimamia kwa macho yake. Kisha akaipitisha habari hiyo kwenye zana. Ikatoka safi, na kichwa chake, na tarehe yake, na picha imeelezwa kwa maneno. Mkia haukutoka.

Mkuu wa vijana wale alikuwa kijana mwenye ndevu, mpole, anayetafuna njugu tangu asubuhi. Mkasi alimsubiri afike, akamwita aje mezani kwake. "Mwanangu," akamwambia, "zana inakata mikia."

Ilibidi amfafanulie mkia ni nini, na fremu ni ya nini, na yule mtu pichani ni nani kwake. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, hilo namsifu.

"Pole sana, mama. Lakini haijakosea," alisema. "Kilichowekwa kwenye fremu, chini ya habari, mara tisa kati ya kumi ni tangazo. Ndivyo tulivyoifundisha."

"Na mara ya kumi?"

"Mara ya kumi kuna swichi."

Swichi ilikuwepo kweli, neno moja la kuongeza kwenye amri, linaloiambia zana isitupe fremu. Ilikuwa imezimwa tangu mwanzo kwa sababu fremu zote zikisomwa mawakala wanachelewa. Kijana akamwambia aiandike kwenye mwongozo, atakayeitaka aiwashe. Mkasi alitaka iwashwe kwa wote. Walivutana kwa heshima, kama mtu na mamaye, na heshima ndiyo iliyomshinda Mkasi. Alirudi kwenye kiti chake akaandika.

Aliandika siku tatu. Siku ya nne alikuja kwangu akanisomea, na nikamwomba arudie, nami nikayanakili maneno yake nyuma ya kalenda: "Tahadhari. Zana hii hutupa kila kilichowekwa kwenye fremu, yakiwemo masahihisho. Habari iliyosahihishwa itamfikia wakala wako kama haijasahihishwa. Ukitafuta habari za mtu, washa swichi ya fremu. Usipoiwasha, utamhukumu asiye na hatia, na hutajua." Nilitafuta neno la kukata, sikuliona.

Aliiweka tahadhari ile ukurasa wa kwanza, juu ya kila kitu, ndani ya fremu nyekundu nene ili jicho lisiipite. Ndivyo tahadhari zinavyowekwa katika miongozo yote duniani, na ndivyo tulivyofundishwa sisi: la muhimu litiwe fremu.

Kisha akamwomba kaka yake ajaribu tena, kwa kuwa yule muuguzi bado hakuwa amepata mtu. Alitaka pia amchapie ule ukurasa, aende nao mkononi. Kaka yake aligoma.

"Niende na karatasi ya kuonyesha kwamba sikuiba? Asiye mwizi habebi cheti, mdogo wangu. Nikibeba leo, nitabeba mpaka kaburini. Wakitaka kunikagua wanikague. Lakini wasome mpaka mwisho."

Hilo ndilo alilolikubali, wamkague tena. Muuguzi naye alikuwa amempenda, akaagiza jina lirudiwe. Mkuu wa vijana alimnong'oneza Mkasi kwamba kampuni ya ukaguzi imechukua zana upya wiki ile, pamoja na mwongozo mpya. Mkasi hakuweza kula. Alinipigia simu kuniambia kwamba mwongozo umechukuliwa, kama mtu anayetangaza kwamba ndege imeruka. Nami, ambaye sina imani na kitu chochote kisichoshikika, nilijikuta nimeamini. Koti la kaki lilitoka tena nyuma ya mlango, likapigwa pasi.

Jibu lilikuja baada ya siku nane. Lilikuwa lile lile, mistari miwili ile ile.

Kwanza Mkasi alikasirika. Alimwendea yule kijana, akamwambia watu wa ile kampuni ni wabaya, wamesoma tahadhari yake kwa macho yao wakaipuuza. Alitaka jina la aliyeusoma mwongozo, ampigie simu, amuulize ana kaka au hana. Kijana akatazama kumbukumbu zao za nani alifungua nini na saa ngapi. Akatazama tena.

"Hakuna mtu aliyeusoma, mama."

"Uliniambia wameuchukua."

"Wameuchukua, ndiyo. Wakala ndiye aliyeusoma, akaiweka zana mwenyewe. Siku hizi ni hivyo. Miongozo yote wanaisoma wao." Akatafuna njugu moja. "Wanaisoma kwa zana hii hii yetu."

Mkasi ndiye aliyeelewa kwanza. Kijana alichelewa kidogo tu kuelewa. Mkono wake ulisimama juu ya kikopo cha njugu.

"Ah," alisema. "Fremu."

Mkasi aliufungua mwongozo wake mwenyewe, akaupitisha kwenye zana. Ukatoka safi, umepangika, unapendeza, kuanzia kile kichwa kinachosema Namna ya Kuanza. Tahadhari haikuwemo. Muda wote huo alikuwa akiwaandikia watu, na watu walikwisha kuondoka dirishani, bila hata kuaga.

Sisemi alikosea. Mimi ningefanya vivyo hivyo, na kila mtu wa chumba kile angefanya vivyo hivyo, kwa sababu tulilelewa na macho. Tulijua jicho linapenda nini na linaruka nini. Hakuna aliyetufundisha kumwandikia msomaji asiye na jicho.

Saa ile ile aliivunja fremu. Aliandika tahadhari kama sentensi ya kawaida, bila rangi, bila herufi nzito, akaifanya ya kwanza chini ya Namna ya Kuanza, mahali ambapo zana haigusi. Akaipitisha. Ikatoka. Kijana alimwomba radhi, akaahidi kwamba watafikiria kuibadilisha zana yenyewe. Ahadi hiyo ina mwaka sasa, na bado wanafikiria.

Mchana wake Mkasi alinipitia nyumbani, tukaenda kliniki, yeye na mimi, na ukurasa uliochapwa ndani ya bahasha. Bwana stoo hatukumwambia. Kliniki ilikuwa na benchi moja la mbao na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Muuguzi mstaafu alitupokea akiwa amesimama, na mtu akikupokea amesimama umekwisha kujibiwa. Alisoma habari yote, akasoma mkia, midomo yake ikienda pamoja na maneno. Nyuma yake mlango wa stoo ulikuwa nusu wazi, na ndani mwanamume mmoja mwenye shati jipya alikuwa akihesabu katoni kwa sauti. Alikuwa ameanza Jumatatu.

"Angekuja na karatasi hii tangu mwanzo," muuguzi alisema taratibu, "nisingemkagua hata mara moja."

Nilimtazama Mkasi. Angeweza kumwambia alichosema kaka yake kuhusu cheti. Alikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha, akamshukuru kwa muda wake. Njiani kurudi tulifika kwenye kona ya duka la magodoro. Hapo aliniuliza kama ninakumbuka gundi ile tuliipika kwa unga au kwa kitu kingine. Nilimwambia unga, na chumvi kidogo ili mende wasile. Akasema alikuwa amesahau chumvi.

Nyumbani tulimkuta kaka yake jikoni. Alikuwa amevaa koti la kaki na alikuwa amezipanga upya rafu zote za dada yake, makopo kwa makopo, chupa kwa chupa, lebo zikitazama mbele, za zamani mbele na mpya nyuma. Mkasi alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akamweleza yote bila kuficha: fremu, wakala, stoo iliyochukuliwa, na kwamba tumekwenda na karatasi. Alipomaliza, akaongeza kwamba kuanzia leo ile sentensi ipo, haikatwi, na kila anayeichukua zana ataisoma.

"Ataisoma nani?" kaka yake aliuliza.

"Mawakala."

"Na watu?"

Mkasi aliweka mkoba chini. "Watu hawasomi tena, kaka."

Bwana stoo alichukua chupa ya mafuta, akaigeuza kidogo mpaka lebo ikakaa sawa na za wenzake.

"Basi nimekuwa msafi mbele ya mashine," alisema. "Watu nao wabaki na ukurasa wa tatu." Alihesabu kitu kwa kidole kwenye rafu ya chini, akasimama akijishika kiuno. "Sukari zimebaki pakiti mbili. Ukinunua, mpya iweke nyuma."

"Sawa, bwana stoo," Mkasi akasema, akaenda kufungua dirisha.